Nimemhamisha Bibi Keko, na nimejifunza adabu

Haya washkaji, nimerudi. Najua nilipotea wiki mbili nzima. Kuna walionitumia meseji wakidhani nimedisko, kuna waliosema bumu limeingia nimekwenda kula maisha. Wala! Niko hapa hapa Chang'ombe, sina sapu hata moja (mpaka sasa, tuombeane), na bumu lenyewe lilishazikwa siku nyingi. Nilikuwa Keko Machungwa kwa Bibi yangu mzaa baba. Toka hosteli mpaka kwake ni dakika kama ishirini kwa mguu. Nilichokuwa nakifanya kule ni kumhamisha, na kuna kitu nilikivuruga, ndiyo maana nimeona nikiandike hapa badala ya kukaa nacho moyoni.

Ilianza hivi. Bibi anakaribia miaka 80. Nyumba yake mnaijua aina yake hata kama hamjafika: nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uwani kuna jiko la mkaa na choo. Amekaa humo zaidi ya miaka 50. Vyumba vinne ana wapangaji, yeye anakaa kimoja na kingine ni stoo. Sasa choo kipo mwisho wa uwani, na usiku ule aliamka kula daku, akateleza pale kwenye sementi penye maji, akaangukia mkono. Mkono ukateguka. Mama mmoja mpangaji ndiye aliyemwinua na kumpigia baba simu saa kumi alfajiri.

Basi kikakaliwa kikao. Baba, Shangazi, Baba Mdogo, na mimi pembeni namimina chai. Baba Mdogo akasema neno moja tu kuhusu makazi ya wazee, tena kwa kuuliza, pale sebuleni pakawa kimya kama mtu kavunja sahani. Huku kwetu ukisema makazi ya wazee watu wanaelewa pale Nunge, Kigamboni, na wanaelewa kuwa pale anapelekwa asiye na mtu. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeelekea huko huko: mzee ni kuanzia miaka 60, mtunzaji wa kwanza ni familia, na makazi ni hatua ya mwisho kabisa. Kwa hiyo kwa wengi wetu "nyumba ya wazee" ni chumba kimoja kwa mtoto mmoja. Ikaamuliwa Bibi akae kwa Shangazi, Kibada. Amejenga kule, kuna chumba chenye choo chake ndani, cha kukaa, hakuna ngazi.

Bibi aliulizwa mwisho. Akajibu, "Kama mmeshakaa, mmekaa." Mimi siku ile nililisikia jibu hilo kama ndiyo.

Likabaki swali la nani atafungasha. Baba kazini, Shangazi dukani, Baba Mdogo safari za Morogoro. Wote wakageuka kuniangalia. "Wewe si unasomea ualimu," Shangazi akasema, "una subira." Jamani, hivi nani alieneza huu uvumi kwamba walimu wana subira?

*

Siku ya kwanza nikafika na mpango. Nilikuwa nimeangalia video mbili za wazungu wanaofundisha namna ya kupunguza vitu vya wazee. Huko wenzetu hili ni jambo zima. Marekani kuna watu kazi yao ni hiyo tu, wanalipwa kumsaidia mzee kuhama toka nyumba kubwa kwenda ndogo, wana na chama chao cha nchi nzima. Sweden wana mpaka neno lake, maana yake ni kama usafi wa kifo, yaani mtu anaanza kupunguza vitu vyake mwenyewe akiwa hai ili asiwaachie watoto mzigo. Mama mmoja wa huko, Margareta Magnusson, aliandika kitabu juu ya hilo mwaka 2017 kikasomwa dunia nzima.

Kwa hiyo mtaalamu nikaja na mafungu matatu: vya kwenda Kibada, vya kugawa, vya kutupa. Nikachukua na daftari. Nikafungua stoo.

Washkaji, ile stoo! Sufuria 23. Mabeseni 11, manne yametoboka. Kinu na michi miwili. Mbuzi za kukunia nazi tatu. Chetezo cha ubani. Pasi ya mkaa. Kandili mbili hazina vioo. Cherehani ya Singer ya kuzungusha kwa mkono. Sinia la shaba zito kama mlango. Majamvi, mikeka, ungo, kawa za kufunikia chakula. Redio kubwa ya mbao haina kitu ndani, panya wamehama humo vizazi na vizazi. Makopo ya Blue Band yamepangwa mpaka darini, na ndani ya kopo unakuta kopo. Halafu gunia zima la mifuko ya rambo! Ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, Bibi anayo gunia, imekunjwa pembe tatu moja moja kama sambusa.

"Bibi, haya makopo ya nini?"

"Ya kuwekea vitu."

"Vitu gani?"

"Mume wangu, vitu vikija utaviweka wapi?"

(Kwa wasiojua, kwetu bibi anamwita mjukuu wa kiume mume wake. Mke wangu ana miaka inayokaribia 80 na hanisikilizi.)

Nilicheka, nikaandika kwenye daftari: makopo, kutupa. Yeye akakaa pale kwenye kigoda, mkono umefungwa bendeji, akaanza kunipa historia ambayo darasani niliisoma kwa mistari miwili. Baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipotea nchi nzima. Sabuni foleni. Sukari foleni. Ukipata mafuta ya kula, swali la muuzaji ni moja, chombo kiko wapi? Huna chombo, anampimia wa nyuma yako. Bibi anasema aliwahi kupanga foleni toka alfajiri, akafika dirishani, kopo lake likaonekana limetoboka. Akarudi nyumbani mikono mitupu na watoto wanamsubiri. Tangu siku hiyo hakuna kopo zima lililowahi kutoka nyumbani kwake.

Halafu ukaja mwaka 1983, ile kampeni ya kuwakamata wahujumu uchumi. Watu wenye mali dukani na majumbani wakaingiwa na hofu, wengine wakawa wanatupa vitu usiku. Bibi anasema kuna jirani alitupa majora ya vitambaa mtaroni, asubuhi watu wanayapita wanaogopa hata kuyaangalia, maana ukiokota utaulizwa umepata wapi. "Mimi nimeona mji huu watu hawana sabuni," akasema, "nikaona na watu wanatupa nguo. Sasa wewe unaniambia nitupe makopo."

Ilitakiwa niishie hapo nifunge daftari. Sikufunga.

*

Siku ya nne Bibi alienda msibani, mtaa wa pili. Nikabaki peke yangu. Nilikuwa nimechoka mbaya, nina asaimenti ya saikolojia ya elimu inanidai, na toka asubuhi tulikuwa tumemaliza sufuria tano tu, kwa sababu kila sufuria ina hadithi. Nikawaza, akiwa hayupo ndiyo nafasi ya kusogeza kazi.

Mara nje nikasikia "chuma chakavuuu!" Kijana na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza.

Nikatoa pasi, kandili, sufuria zilizopasuka, vyuma vya kitanda kibovu, na mahindi-mahindi mengine yaliyokuwa chini ya rafu yameshika kutu. Zikatimia kilo 19, kwa shilingi 600 kilo. Nikapewa 11,400. Nikafagia pale chini nikaona sakafu ya stoo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikapiga picha nikamtumia Shangazi. Akanijibu kwa vidole gumba vitatu.

Bibi akarudi baada ya alasiri. Akavua baibui, akaingia stoo, akasimama. Akaangalia chini ya rafu muda mrefu.

"Mume wangu, chuma changu cha vitumbua kiko wapi?"

Nilikuwa sijui hata kama mle kulikuwa na chuma cha vitumbua. Nilipokumbuka, mwili ukaniisha nguvu. Ile duara nyeusi yenye matundu saba, nzito, kutu tupu. Nilidhani ni kifaa cha gari.

Babu yangu alikuwa kuli bandarini. Alifariki 1987, baba yangu ana miaka 13, Shangazi 10, Baba Mdogo ananyonya. Hili nilikuwa nalijua. Nisichokijua ni kilichofuata baada ya arobaini. Bibi alikwenda Kariakoo na pesa ya rambirambi iliyobaki, akanunua chuma kile. Saa tisa usiku anaamka, unga wa mchele ameshaukoroga tangu jioni na tui na iliki, anawasha mkaa, mpaka saa kumi na mbili wanaokwenda kazini wanapita pale kibarazani wananunua na chai ya rangi. Matundu saba kwa matundu saba. Viatu vya baba vya Kidato cha Kwanza vimetoka kwenye chuma kile. Ada yake imetoka humo. Kwa lugha nyepesi, hata mimi nimetoka humo.

Sikumwona Bibi akikasirika. Afadhali angenichapa. Alisema, "Si kitu. Chuma tu kile," akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Kwa Bibi mlango kufungwa mchana sijawahi kuona.

*

Kesho yake alfajiri nikaenda kukitafuta. Yule kijana wa mkokoteni nilimkuta kwa bahati kwenye kona ya mafundi samani, akanielekeza yadi anayouzia, upande wa Mtoni. Nikatembea. Kwenye yadi nikakuta mlima wa vyuma, na msimamizi akaniambia mzigo wa jana umepakiwa lori usiku kwenda kuyeyushwa. Nikamwomba nitafute tu. Nadhani aliona sura yangu, akaniruhusu. Nikachimba masaa mawili na mikono yangu. Nikakuta pasi za mkaa kumi hivi, nikakuta vichwa vya cherehani, nikakuta mpaka kengele ya shule.

Nikakuta na chuma cha vitumbua. Kina matundu tisa.

Nikakinunua hivyo hivyo, nikakisugua na mchanga njia nzima. Nikafika nacho nikakiweka mbele ya Bibi kama mtoto aliyeleta ripoti. Akakigeuza, akakipima kwa mkono ule mzima.

"Hiki cha nani?"

"Sijui Bibi. Nimekikuta kule."

"Basi kirudishe. Cha mtu hicho. Kuna mama anakitafuta."

Sikuwa na la kusema.

Kilichonitisha zaidi ni siku mbili zilizofuata. Bibi alianza kukubali kila kitu. Nikishika sinia la shaba, "chukua." Nikishika cherehani, "peleka." Nikashika picha ya Babu, ile ya studio amevaa kanzu na koti, nikauliza kwa kujaribu tu, "Na hii?" Akasema, "Popote." Hakunitazama. Chai haimalizi. Mume wangu haniiti tena, ananiita jina langu.

Nikampigia Shangazi. Akasema, "Si bora baba, mtamaliza haraka."

Usiku ule nilirudi hosteli nikafungua desa langu la saikolojia kwa ajili ya ile asaimenti, nikakutana na Erikson. Wale wa kozi yetu mnamkumbuka, na zile hatua zake nane toka utoto mpaka uzee. Hatua ya nane ni ya wazee: mtu anaangalia nyuma, ama anaona maisha yake yana maana na yamekamilika, ama anakata tamaa. Swali lile kwenye tesiti nilipata 17 kati ya 20. Nikakaa kitandani nawaza, nimepata 17 kwa karatasi, na kule Keko nimemchukua mwanamke aliyelea watoto watatu kwa chuma kimoja nikamfanya aseme "popote." Tulimwamulia kuhama, tukamwamulia chumba, kilichokuwa kimebaki mkononi mwake ni kuamua sufuria. Na hilo nalo nikalipima kwa kilo.

*

Asubuhi sikwenda na daftari. Nikatoa kila kitu kwenye magunia ya kutupa, nikavirudisha vyote kwenye mkeka katikati ya chumba chake. Nikapiga magoti.

"Bibi, nimekosa. Sitashika kitu tena bila wewe. Usiponiambia, hakitoki."

Akanyamaza. Nikachukua kinu. Siku zote nilikuwa nauliza, "Unakitaka au hukitaki?" Siku hiyo nikauliza, "Kinu hiki kilitoka wapi?"

Kimya kikaendelea kidogo. Halafu, "Kisarawe. Alichonga mjomba wangu. Mti wake ulianguka mwenyewe, haukukatwa." Akaendelea mpaka adhuhuri. Na sikutegemea kilichofuata. Alipomaliza hadithi ya kinu, alisema mwenyewe, "Kibada watatwanga nini, kuna mashine. Kinu apewe Mama wa chumba cha tatu, ndiye aliyeniinua siku ile. Mwite."

Mama akaja amejifunga kanga moja, ana mapovu ya sabuni mikononi. Bibi akasimama, akaweka mkono juu ya kinu, akamwambia kilikotoka, akamkabidhi. Yule mama alilia! Kwa kinu!

Ndivyo kazi ilivyokwenda tangu hapo, na amini usiamini ilikwenda haraka kuliko ya mafungu matatu. Kila jioni anakuja mtu. Cherehani kwa binti wa Baba Mdogo anayesomea ushonaji. Sinia la shaba kwa Shangazi. Baba alipopewa redio tupu alicheka mpaka akakohoa, kumbe aliivunja yeye akiwa na miaka 9 akimtafuta mtu anayesema ndani. Bibi alihakikisha watoto watatu wanapata sawa, anasema dini inataka hivyo ukiwapa watoto ukiwa hai, akawa anahesabu kwa vidole mbele ya wote ili asije mtu akanung'unika siku yeye hayupo. Sufuria 23 zikaisha. Makopo yenyewe alinionyesha mawili ya kubaki, mengine akasema, "Haya sasa tupa, foleni zimekwisha."

Kitanda cha samadari kilikataa kutoka mlangoni, maana kiliingia kabla mlango haujapunguzwa. Tuko Keko bwana, mafundi samani wako kila hatua kumi. Fundi mmoja mzee akakifungua kiungo kwa kiungo bila kuvunja kitu, akasema mbao hizo siku hizi hazipatikani. Bibi akamuuzia yeye, kwa bei ambayo waliivutana nusu saa nzima. Mke wangu alikuwa amerudi.

Na sasa sikieni hili. Lile gunia la rambo, mimi siku ya kwanza nililiandikia "kuchoma." Bibi akasema tulifungue, mfuko mmoja mmoja. Nikafungua ile sambusa ya plastiki nikiwa nasinzia. Kwenye mfuko kama wa arobaini, vidole vikagusa karatasi. Leseni ya makazi ya nyumba! Zile zilizoanza kutolewa huku Dar miaka ile ya 2000 kwa maeneo yasiyopimwa. Na stakabadhi za kodi ya ardhi, na barua ya mauziano ya kiwanja yenye dole gumba la Babu. Baba alikuwa ameshatafuta karatasi hizo miaka mitatu. "Mwizi hawezi kuiba takataka," Bibi akasema. Nikafikiria ningeliwasha lile gunia pale uwani siku ile alipokwenda msibani. Nikaketi chini.

*

Siku moja kabla ya kuhama akaja rafiki yake wa zamani, mzee mwenzake wa Magomeni Kota. Hii ya Magomeni wengi mnaijua. Nyumba zile kongwe zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, kaya 644 zikatawanyika. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza zijengwe upya, na Machi 2022 Rais Samia akazindua yale maghorofa na wakazi wakaanza kurudi. Yule bibi yeye aliondoka na kurudi, sasa anaishi juu ghorofani.

Nilidhani atamsifia maisha ya ghorofani. Kweli alisifia maji na choo cha ndani. Ila akasema siku ya kuondoka kule zamani vitu vyake aliviweka kwa watu kumi tofauti, haraka haraka, hiki kwa huyu kile kwa yule, na miaka ilivyopita vingine wenye kuvihifadhi walifariki, vingine viliuzwa, vingine anaona aibu kuvidai. "Nina nyumba mpya," akasema, "lakini kijiko kimoja cha zamani sina. Wewe mwenzangu umegawa kwa mkono wako." Wakashikana mikono pale kitandani, mimi nikatoka nje nikajifanya naangalia mkaa.

Siku ya kuhama mzigo wote uliingia kwenye kirikuu moja na nafasi ikabaki. Sanduku la kanga. Mkeka wa kuswalia. Chetezo. Mbuzi moja ya nazi. Picha ya Babu. Mchi mmoja bila kinu (nilipouliza akasema wa kufukuzia paka wa Shangazi). Makopo mawili. Mfuko wa karatasi za nyumba hakuuachia, aliupakata mbele kwa dereva toka Keko, Kurasini, mpaka tunavuka daraja la Nyerere. Katikati ya daraja akaangalia upande wa bandari, akasema, "Babu yako alikuwa pale." Basi, hakuna aliyeongea tena mpaka Kibada.

*

Najua kuna mtakaofikiwa na zamu hii. Sisi ndio wajukuu wenye likizo, kwa hiyo tutatumwa sisi. Naandika nilichojifunza, si kwa utaalamu, ni kwa aibu:

1. Usishike kitu mwenyewe akiwa hayupo. Hata kopo. Hata kama mna haraka.

2. Usiulize "unakitaka?" Uliza "kilitoka wapi?" Akishakieleza, mara nyingi atakiachia mwenyewe, na atajua kiende kwa nani.

3. Ampe mtu kwa mkono wake, mpokeaji akiwepo. Usimpelekee wewe kwenye mfuko.

4. Karatasi za nyumba na kiwanja zitafuteni kwanza, na zitafuteni kwenye takataka.

5. Mwulizeni kabla kikao hakijaisha, si baada. Hili nimelisema kwa Baba na Shangazi pia. Shangazi alinuna siku mbili, sasa tumepatana.

Juzi Jumapili nilikwenda Kibada. Bibi hajambo, mkono umepona, analalamika choo cha ndani kinamfanya asionane na watu usiku. Bado anaamka saa tisa. Anakaa tu gizani, Shangazi anasema.

Nilikwenda na ile 11,400. Ilikuwa kwenye desa langu, sijaigusa, nikamwambia Bibi nataka kumnunulia chuma kipya. Akakataa. Akasema hana wa kumkaangia saa tisa usiku, Kibada hakuna anayepita kibarazani. Akanirudishia ile noti ya elfu kumi na vile vidogo vyake, akanikunjia kiganjani.

"Umekula leo?"

Nikasema bado.

"Basi nenda ukale. Chuma kile kazi yake ilikuwa hiyo."

Nimerudi Chang'ombe, nimekula chapati mbili na maharage, na jamaa zangu wawili wa chumbani nimewalipia. Hela imeisha. Kesho leksha saa moja asubuhi, na asaimenti bado sijaandika hata kichwa cha habari.

Tupo pamoja. Wenye bibi na babu wapigieni simu kabla vocha haijaisha.